Rangi ya Mtoto na Amani ya Nyumba



Mwezi huu tumekusudia kuzungumza juu ya jambo lililovunja nyumba nyingi katika nchi yetu, nalo ni kuzaliwa kwa mtoto mwenye ualbino kwa wazazi ambao wote wawili ni weusi. Sisi si matabibu. Elimu yetu ni ya chuoni na ya madarasa machache ya shule ya msingi, na haya ya tiba tumeyapata kwa kuuliza na kusoma. Lakini jambo hili lililetwa mbele yetu siku moja hapa Kagunga, nasi tukalijibu vibaya. Na kwa kuwa kosa letu lilimdhuru mtu asiye na hatia, twaona ni wajibu wetu kulieleza ili wengine wasilirudie.

Yapata miaka ishirini sasa, mvuvi mmoja wa kijiji hiki alitujia baada ya sala ya isha. Ulikuwa usiku wa mbalamwezi, wakati ambao mitumbwi hukaa ufukoni, kwani mwezi ukiwaka dagaa hawazifuati taa. Tukamkaribisha kitini, asikubali kuketi.

Akasema, “Maalimu, mke wangu amejifungua. Mimi ni mweusi, naye ni mweusi, na mtoto ni mweupe, nywele zake za manjano. Watu wananicheka. Nataka uniambie neno moja tu: yawezekana mtoto kama huyu kutoka kwa watu wawili weusi, pasipo mtu wa tatu kuingia kati?”

Sisi tuliinamisha macho tukasema, “Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye.”

Neno hilo ni la kweli siku zote. Lakini usiku ule hatukulisema kwa unyenyekevu, tulilisema kwa kuogopa kuonekana hatujui. Yule bwana alikuwa amekuja kutafuta mtu wa kumzuia, naye aliona kwamba hakuzuiwa. Mwezi haukwisha ila mkewe alikwisha kupandishwa katika boti, mtoto amefunikwa kanga gubigubi, akarudishwa kwa wazazi wake na talaka mkononi. Sheria yetu imetaka mashahidi wanne kabla ulimi haujamgusa mwanamke mwenye kujihifadhi; hapa hakupatikana hata mmoja, na kunyamaza kwetu kukatosha.

Aibu yetu ni kubwa zaidi kwa sababu jibu tulikuwa nalo kifuani. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba mtu mmoja wa kabila la Fazara alimjia Mtume, rehema na amani zimshukie, akalalamika kwamba mkewe amezaa mtoto mweusi, naye akidokeza kumkana. Mtume akamwuliza kama ana ngamia, na rangi zao ni zipi. Yule mtu akajibu kwamba anao, nao ni wekundu. Akaulizwa kama hamna miongoni mwao mwenye rangi ya kijivujivu. Akakiri kwamba wamo. Akaulizwa rangi hiyo imetoka wapi, naye akasema kwamba labda imevutwa na asili ya huko nyuma. Ndipo Mtume akamjulisha kwamba na mtoto wake huenda amevutwa na asili kama hiyo, wala hakumruhusu kumkana.

Hadithi hiyo tuliisoma tukiwa watoto, na tumewasomesha watoto wa watu miaka mingi. Lakini alipokuja mtu mwenye shida ile ile, haikutujia. Tuliijua kwa maneno yake tu, hatukuwa tumeijua kwa kazi yake.

Sasa tuseme wataalamu wamegundua nini juu ya hiyo asili ivutayo. Hatusemi kwamba Mtume alikuja kusomesha habari za seli. Alikuja kumkataza mtu asiivunje nyumba yake kwa dhana. Lakini mwenye kuijua njia ipitayo asili hiyo atazidi kuikataa dhana.

Mwili wa mwanadamu umejengwa kwa vyumba vidogo sana visivyoonekana kwa macho, na jina lake ni seli. Karibu kila seli ina kiini, na ndani ya kiini mna nyuzi nyembamba mno ziitwazo kromosomu. Idadi yake kwa mwanadamu ni 46, nazo huenda mbili mbili, yaani jozi 23. Katika kila jozi moja hutoka kwa baba na moja kwa mama. Mbegu ya baba huja na 23, na yai la mama lina 23, zikikutana zinatimia 46. Hapana mtoto apataye zote kwa mama, wala apataye zote kwa baba.

Hata hesabu hiyo haikupatikana kwa wepesi. Mwaka 1923 mtaalamu wa Marekani, Theophilus Painter, alitangaza kwamba ni 48, na kwa zaidi ya miaka thelathini vitabu viliandika 48, na wanafunzi wakafundishwa 48. Ilikuwa mwaka 1956 ndipo Joe Hin Tjio, mzaliwa wa Java katika Indonesia, pamoja na Albert Levan, waliyekuwa wakifanya kazi naye mjini Lund, Sweden, walipotangaza kwamba wamezihesabu wakapata 46. Wengine nao wakahesabu upya, wakakuta ni kweli. Twalitaja hili kwa sababu wazee wetu hupenda kusema, “Jambo hili tumelijua hivi tangu zamani.” Zamani yaweza kukosea. Wale wenye darubini walikubali kusahihishwa. Na sisi je?

Tutoe mfano ulio karibu na madrasa. Fikirini kwamba kila mtoto azaliwapo hupewa vitabu 46. Vitabu 23 ni nakala ya baba, na 23 ni nakala ya mama. Kitabu cha kwanza cha baba husomesha mambo yale yale ya kitabu cha kwanza cha mama, cha pili kadhalika, mpaka jozi ya 22. Jozi ya 23 ndiyo ihusuyo mume na mke, na katika jozi hiyo nusu itokayo kwa baba ndiyo ipambanuayo kama mtoto ni wa kiume au wa kike. Basi anayemlaumu mkewe kwa kuzaa mabinti watupu naye ayazingatie haya.

Ndani ya vitabu hivyo mna kurasa, na kila ukurasa ni agizo moja. Wataalamu huziita jeni. Katika kitabu cha 15 mna ukurasa ulio muhimu katika kutengeneza rangi ya ngozi, nywele na macho, rangi iitwayo melanini. Ukurasa huo katika nakala ya baba ukiwa umeharibika, mwili huusoma ule wa mama, na mtoto huzaliwa mweusi kama wenzake. Yeye mwenyewe hajui kwamba amebeba ukurasa mbovu, na mkewe hajui, na mganga hajui. Atauchukua mpaka kaburini bila ya dalili yoyote. Lakini akioa mwanamke ambaye naye amebeba ukurasa mbovu kama wake, huenda mtoto mmoja akapokea ule mbovu wa baba na ule mbovu wa mama. Hapo hana mahali pa kusoma agizo, na rangi haitengenezwi inavyotakiwa. Huo ndio ualbino ulioenea zaidi katika Afrika kusini mwa Sahara, ijapokuwa ziko aina nyingine pia.

Mwaka 1995 ilitangazwa habari ya uchunguzi uliofanywa kwa Watanzania wenye ualbino, na wengi wao walikutwa na upungufu ule ule: herufi kama 2,700 zimekosekana mahali pamoja katika kromosomu ya 15. Upungufu huo huo umeonekana katika nchi nyingi za Afrika, dalili kwamba ni wa kale sana, umetembea na watu kizazi baada ya kizazi. Basi hiyo ndiyo asili ivutayo. Haikuingia nyumbani jana usiku kwa mlango wa nyuma. Imekuja kwa babu na bibi, na babu wa babu, pande zote mbili.

Hesabu yake hata mtoto wa shule ataiweza. Inakadiriwa kwamba katika Tanzania mtu mmoja katika kila 1,400 huzaliwa na ualbino, ilhali Ulaya na Marekani ya Kaskazini ni mmoja katika watu 17,000 hadi 20,000. Kwa kadiri hiyo, wanaobeba ukurasa mbovu mmoja bila ya kujua ni kama mmoja katika kila watu 19 wa nchi yetu. Mume awe ni katika hao na mke naye awe ni katika hao, ni ndoa moja katika 19 mara 19, yaani 361. Na katika ndoa kama hiyo, kila mimba ina fungu moja katika manne la kuleta mtoto mwenye ualbino. Zidisha 361 kwa 4, utapata 1,444, nasi tumerudi pale pale tulipoanza.

Lakini mtu asidhani kwamba akizaliwa mmoja, basi watatu wafuatao wamesalimika. Kila mimba hupigiwa kura upya. Wako waliopata mmoja katika watoto wanane, na wako waliopata watatu mfululizo, na nyumba zote mbili ni za halali.

Tena tumfikirie huyo “mtu wa tatu” anayesingiziwa. Husemwa kwamba mwanamke ametembea na mzungu. Sote tumewaona watoto wa mama mweusi na baba wa Kizungu. Rangi yao huwa ya kati na kati, na ualbino ni jambo jingine kabisa. Mtoto mwenye ualbino ana uso wa ukoo wake, pua ya baba yake na midomo ya mama yake. Kilichopungua ni rangi tu. Anayemtazama kwa macho ya uadilifu atamwona ni mtoto wa nani.

Turudi kwa yule mvuvi. Baada ya muda alioa tena, na safari hii alimwoa binti wa baba yake mdogo, akisema kwamba huyu anamjua tangu utotoni na nasaba yake haina shaka. Alizaa naye wawili, weusi. Wa tatu akazaliwa mwenye ualbino, naye ni binti.

Alitujia tena. Safari hii alikubali kuketi, akakaa muda mrefu bila kusema neno. Kisha akauliza, “Maalimu, na huyu pia nimkane?”

Hatukumjibu kwamba Mungu ndiye ajuaye. Tulimsimulia habari ya ngamia kutoka mwanzo hadi mwisho, tukalia naye. Kulipokucha tulipanda boti pamoja kwenda kwa wazazi wa mke wa kwanza. Mtoto alikuwa na umri wa miaka tisa. Babu yake alikuwa amemficha ndani kwa muda mrefu, na haja tutaieleza hivi punde. Alikuwa mvulana mwenye adabu, akikunja uso kwa sababu ya mwanga, na alikuwa na mabega ya baba yake hasa.

Mvuvi akaomba radhi mbele ya wakwe zake, akamkiri mwanawe. Mama yule alimsikiliza, akasema kwamba mtoto ana haki ya baba yake na hatamzuia, lakini yeye kurudi hawezi. Kisha sisi nasi tukaomba radhi. Akatwambia kwa sauti ya upole, “Maalimu, Mwenyezi Mungu alikuwa akijua. Waliotakiwa kusema ni nyinyi.”

Hatukuwa na la kumjibu, wala mpaka leo hatuna.

Ama sababu ya kumficha mtoto ni hii. Kuanzia mwaka 2006 na 2007 habari za kuuawa watu wenye ualbino zilienea katika mikoa ya Kanda ya Ziwa na kwingineko, kwa uongo wa waganga wa ramli wanaodai kwamba viungo vyao huleta utajiri wa madini na wa samaki. Watu zaidi ya 70 waliuawa katika nchi yetu, wengi wao watoto, na wengine walikatwa viungo wakabaki na majeraha. Mwaka 2009 mahakama iliyokaa Kahama iliwahukumu adhabu ya kifo watu watatu waliomuua mvulana mmoja. Na Januari 2015 Serikali ilipiga marufuku waganga wa ramli wasio na leseni. Katika mkoa wetu wa Kigoma watoto wengi walipelekwa katika shule ya Kabanga, wilaya ya Kasulu, wakae chini ya ulinzi. Ulikuwa ulinzi wa lazima, lakini wako waliopelekwa huko wasitembelewe tena na wazazi wao. Mtoto aliyenusurika na panga naye ana haja ya mama.

Twawaambia wavuvi wenzetu wa mwambao huu waziwazi: hakuna kiungo cha mwanadamu kinachovuta mgebuka wala dagaa katika wavu. Mwenye kumwendea mganga kwa ajili hiyo ameiacha tauhidi ufukoni na ameshiriki katika kuua nafsi. Na yule asemaye kwamba watu hawa hawafi bali hutoweka, na aje makaburini. Wameoshwa, wamesaliwa, wamezikwa kama waja wengine.

Yabaki mambo ya nyumbani, nayo ni machache.

La kwanza ni jina. Tuache kusema “zeruzeru”. Ni neno linaloumiza. Mtu mwenye ualbino ni mtu kwanza.

La pili ni jua. Melanini ndiyo kinga ya ngozi, na asiyekuwa nayo ya kutosha huungua upesi, na baada ya miaka hupatwa na saratani ya ngozi. Saratani hiyo imewaua wengi kuliko panga, nayo huzuilika. Mtoto avae kofia pana na mikono mirefu, asitumwe kuanika dagaa wala muhogo adhuhuri, acheze asubuhi na jioni. Yako mafuta maalumu ya kukinga jua; mengine hutengenezwa Moshi, katika kituo cha tiba ya ngozi kilichoko kwenye hospitali ya KCMC. Akitokea na kidonda kisichopona au kijipele kinachokua, apelekwe hospitali mara moja, asingojewe.

La tatu ni macho. Rangi hiyo hutakiwa hata katika kuumbika kwa jicho, na ikipungua mtoto huona hafifu, na macho yake huchezacheza. Miwani humsaidia lakini haimalizi tatizo. Wengi wamepigwa na walimu kwa kudhaniwa wajinga, kumbe ubao hawauoni. Huyu akae mbele, mbali na dirisha lenye mwanga mkali, na aandikiwe kwa herufi kubwa.

La nne ni ndoa za jamaa. Hatuwezi kuharamisha alichokihalalisha Mwenyezi Mungu. Binamu ni halali. Lakini ni vizuri watu wajue kwamba mtu aliyebeba ukurasa ule akimwoa mtoto wa ami yake au wa shangazi yake, bahati ya binti huyo kuubeba pia ni kama moja katika nane, wala si moja katika 19 tena. Wazee wanaopanga ndoa na walijue hilo, si kwa hofu, ila wasije wakamgeukia mke likitokea.

Na la tano, kubwa kuliko yote, ni kwamba siku atakapozaliwa mtoto wa namna hii, baba awe wa kwanza kumpokea, amwadhinie sikioni mbele za watu na kumtaja kwa jina lake. Akifanya hivyo, kijiji kizima kitafunga mdomo. Watu hawa wakipewa nafasi hufika mbali: mwaka 2008 Al-Shaymaa Kwegyir aliteuliwa kuwa mbunge, na mwaka 2010 watu wa Lindi Mjini walimchagua Salum Khalfan Barwany kwa kura zao.

Yule kijana sasa ni mtu mzima, ana duka lake mjini Kigoma, na jina la baba yake limeandikwa katika vyeti vyake. Dada yake wa baba mmoja anasoma kwetu. Hukaa safu ya mbele, msahafu ameusogeza karibu ya uso, na kofia yake twaitundika katika msumari ulio juu ya kiti chetu ili asiisahau arudipo nyumbani saa sita. Tulipofika katika somo la hadithi ile ya ngamia tulimpa yeye aisome. Aliisoma yote bila kukosea.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyonyamaza, na awape wasomaji wetu ujasiri wa kusema kwa wakati wake. Wabillahi tawfiq.